Bakshishi kwenye boti za Mwanza: tathmini ya huduma, kuanzia gatini hadi kamba inapofungwa tena

Risiti ya EFD ya boti ya kukodi ina mstari unaosema VAT 18%. Wageni waliowahi kupanda zile meli kubwa za kitalii za baharini huuona mstari huo, huridhika kwamba wahudumu wameshapata chao, na hushuka gatini wakiwa wameacha shukrani za mdomo tu. Kosa lao linaeleweka. Kwenye meli nyingi za kampuni za Marekani, kinywaji cha baa huongezewa asilimia 18 hadi 20 papo hapo, na nyongeza hiyo ni ya huduma. Hapa kwetu ile 18 ni kodi, inakwenda TRA. Kijana aliyekushika mkono ulipokuwa unaruka kutoka kwenye jiwe kuingia botini haoni hata shilingi yake.

Tathmini hii inahusu aina tatu za safari zinazoanzia Mwanza mjini: boti za kukodi za matembezi, boti ya Kisiwa cha Saanane, na meli ya usiku ya kwenda Bukoba. Tumeangalia huduma yenyewe, na tumeangalia kama hela ya shukrani inamfikia aliyeifanyia kazi. Kwa huduma, Mwanza inafanya vizuri kuliko inavyosifiwa. Kwenye hela ya shukrani hakuna utaratibu wowote, na ukikosa kujipanga mwenyewe, itaishia mfukoni kwa mtu ambaye hata hakuwa botini.

Tuanze na boti za kukodi, kwa sababu huko ndiko bakshishi ina maana zaidi. Boti ya kawaida ya matembezi ni ya faiba, inabeba watu kumi hadi kumi na tano, na inasukumwa na injini moja ya nje, mara nyingi Yamaha ya HP 40. Wafanyakazi ni wawili: nahodha anayeshika usukani, na baharia ambaye watu humwita tu "kijana wa kamba". Wakati mwingine kuna wa tatu anayebaki gatini kulinda viatu na magari. Safari ya kutwa yenye sato wa kuchoma huwa na mpishi pia. Mwenye boti kwa kawaida hayupo. Yupo mjini, na simu yake ndiyo uliyopiga kuweka oda.

Huyo kijana wa kamba ndiye husahaulika, na kazi yake ndiyo ngumu kuliko inavyoonekana. Nyuma ya injini ya nje kuna tundu dogo linalorusha maji membamba kama uzi. Uzi huo ndio alama kwamba pampu inavuta maji ya ziwa na kuipoza injini. Magugu maji yakijisokota kwenye propela, au mfuko wa plastiki ukiziba matundu ya kunyonyea yaliyo chini, uzi unakatika, na baada ya dakika chache tu injini inachemka. Baharia mzuri hauachi uzi huo kwa jicho. Ukianza kupungua anampigia nahodha mluzi, injini inazimwa na kuinuliwa, naye analala kifudifudi ukingoni na kisu, mkono mmoja ndani ya maji hadi kwenye kiwiko, akikata mizizi ya magugu kipande kwa kipande. Nahodha muda huo anashika kasia ili kichwa cha boti kibaki kinatazama wimbi, maana boti ikilala ubavu, maji yanaingia. Shughuli nzima inaweza isizidi dakika kumi. Abiria wengi huwa wanapiga selfi.

Tukisema huduma nzuri, basi, tunamaanisha mambo kama hayo kabla ya tabasamu na soda ya baridi. Kabla boti haijaondoka hesabu jaketi okozi na uhesabu vichwa, namba zilingane. Jaribu kufunga buckle za jaketi lako mwenyewe, maana nyingi zimevunjika jino moja na hufungwa kwa kamba ya katani. Uliza mafuta ni kiasi gani: injini ya HP 40 ya kuchanganya oili, ikikimbizwa gesi yote, inakula kama lita 15 hadi 20 kwa saa, kwa hiyo dumu moja la lita 20 halitoshi kwa safari ya saa mbili ya kwenda mbali, hata nahodha akikuapia. Boti iliyojibu maswali hayo bila kununa imeshapata nusu ya alama zetu.

Nusu nyingine inatoka kwenye mwendo. Asubuhi maji ya Mwanza huwa yametulia. Kuanzia adhuhuri nchi kavu inapata joto kuliko maji, hewa yake inapanda, na upepo wa ziwani unaingia kujaza nafasi. Ndiyo maana boti iliyokwenda saa tatu asubuhi kama inateleza kwenye kioo hurudi saa tisa alasiri ikirukaruka na kulowesha watu. Nahodha anayejua kazi hupunguza gesi, hulikata wimbi kwa mshazari, na huchelewa robo saa. Abiria hulalamika kwamba anakwenda kinyonga, halafu bakshishi wanampa yule wa boti ya pili aliyewarusha hewani. Kwa maoni yetu huo ni upuuzi. Anayestahili ni aliyewarudisha wakavu.

Sasa kiasi. Hakuna bei rasmi, na anayekwambia ipo anakuuzia. Kipimo tunachokipendekeza kwa wenyeji ni kumi kwa mia ya gharama ya kukodi, mkiwa kikundi na huduma ikiwa nzuri. Tuseme mmekodi boti kwa 200,000 kwa saa mbili, mpo kumi. Bakshishi ni 20,000, yaani kila mmoja 2,000, hela ya soda mbili. Igawanyeni hivi: nahodha 10,000, kijana wa kamba 7,000, wa gatini 3,000. Wapo watakaosema baharia amepewa nyingi mno. Hatukubaliani nao, kwa sababu zilizotajwa hapo juu. Mpishi wa safari ya kutwa ana hesabu yake peke yake, 5,000 hadi 10,000 kutegemea idadi ya samaki, na apewe mkononi mwake, kwa kuwa mara nyingi ni mtu wa nje aliyeletwa siku hiyo hiyo na hajui hata namba ya simu ya mwenye boti.

Huduma ikiwa ya wastani, asilimia tano inatosha. Ikiwa mbovu, usitoe, na useme kwa nini. Kutoa kwa aibu huku umekunja uso hakumfundishi mtu kitu. Lakini tofautisha ubovu wa wafanyakazi na ubovu wa mwenye boti. Turubai lililochanika, choo kisichokuwepo, jaketi chache, vyote hivyo ni vya mwenye mali. Baharia anayehangaika na vifaa vibovu anastahili chake, kisha malalamiko yapeleke kwa yule uliyempigia simu.

Njia ya kutoa ndiyo inayoharibu mambo. Siku hizi boti nyingi zina Lipa Namba iliyobandikwa karibu na usukani, na abiria mwenye moyo mzuri huongeza 20,000 juu ya malipo akiamini amewatunza vijana. Hela hiyo imeingia kwenye akaunti ya mwenye boti. Kwake ni mauzo, na kama ni mtu wa haki atakumbuka kuitoa, kama si wa haki ataikumbuka kwa namna nyingine. Kumtumia nahodha kwenye simu yake ni afadhali, ila kuna makato ya kutolea, na wa kamba bado anamtegemea nahodha. Fedha taslimu mkononi, kila mtu na yake, ndiyo njia pekee tunayoipa alama zote. Beba noti za 1,000, 2,000 na 5,000 kutoka mjini. Gatini chenji ya 10,000 ni kitendawili, na noti moja kubwa iliyotolewa "mtagawana" huwa na mgawanyo wa simba.

Kuhusu dola: kanuni za mwaka 2025 zimeweka wazi kwamba bei na malipo ya ndani ya nchi ni kwa shilingi. Hata kabla yake, noti ya dola moja ilikuwa mzigo kwa kijana wa kamba. Noti ndogo hubadilishwa kwa bei ya chini, zilizochakaa au za miaka ya zamani hukataliwa, na sarafu za kigeni hazibadilishwi kabisa. Unayemsindikiza mgeni kutoka Ulaya, mwambie mapema apitie ATM.

Vikundi vina ugonjwa wao. Watu kumi wakishuka pamoja, kila mmoja anadhani mwenzake ametoa, na boti inaondoka na asante kumi. Dawa yake ni kumteua mtu mmoja kabla ya kupanda, mwenye kuaminika na asiyekunywa, akusanye 2,000 za kila mmoja wakati bado mpo nchi kavu na watu wana akili zao. Azigawe kwenye mafungu matatu na azikunje tayari. Safari ya jioni ya kupita Jiwe la Bismarck, ule mwamba ulio majini, inahitaji hili zaidi, kwa sababu jua Mwanza huzama karibu na saa moja usiku, mnarudi gizani, watu wanatafuta viatu kwa tochi ya simu, na hakuna atakayehesabu noti vizuri.

Wakati wa kutoa ni mmoja: kamba ikishafungwa na watu wote wameshashuka. Si katikati ya ziwa. Nahodha aliyepewa bia mbili za pongezi njiani anakuwa nahodha mwingine wakati wa kurudi, kwa hiyo pombe kwa wafanyakazi tunaikataa katakata, hata ukiwa na nia nzuri. Na akikwambia katikati ya maji kwamba "mafuta yamepanda, ongezeni kidogo", hiyo si bakshishi, ni kubanwa. Jibu ni moja: "Nahodha, hayo tutaongea na bosi wako tukifika." Halafu mnanyamaza. Kwa kawaida mafuta hushuka tena.

Namna ya kusema nayo ina uzito wake. Kuuliza kabla si ushamba: "Kaka, kwenye bei hii vijana mmewawekea chochote, au ni juu yetu?" Swali hilo kwenye simu linakupa jibu na linamjulisha mwenye boti kwamba unafuatilia. Wakati wa kuagana, kwa nahodha mtu mzima, mkono wa kulia, wa kushoto ukigusa kiwiko: "Mzee, hii ya kwako, asante kwa kuturudisha salama. Na hii ya kijana, namkabidhi mwenyewe." Ukimalizia na "wabeja", yaani asante kwa Kisukuma, utaona meno. Usitoe mbele ya mwenye boti kama yupo, si kwa kumficha, bali kwa sababu kuna wanaoikata kwenye ujira wa siku. Baharia wengi ni deiwaka, analipwa kwa safari, na bosi akijua amepata 7,000 anaweza kumwambia ameshalipwa.

Meli ya usiku ya kwenda Bukoba ni habari nyingine. New Victoria Hapa Kazi Tu iko ziwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilirudi kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, na uwezo wake ni abiria 1,200. Humo wahudumu ni waajiriwa, wana sare na mshahara, na tiketi yako imeshalipia shuka na kitanda. Hakuna anayekudai kitu. Mhudumu wa daraja la kwanza aliyekuletea maji ya moto kwa ajili ya maziwa ya mtoto saa nane za usiku, au aliyekuamsha Kemondo, bandari ya kabla ya Bukoba, kwa sababu ulimwomba, anaweza kupewa 2,000 au 3,000 asubuhi unapotoka. Mgahawani, ukiacha chenji ya 500 au 1,000 ya chakula na kusema "hiyo baki nayo", inatosha kabisa.

Ila angalia saa unayotoa. Bakshishi inafuata huduma. Ikitangulia inabadilika jina, na TAKUKURU wanalijua jina hilo. Noti inayotolewa dirishani ili upatiwe kitanda kilichokuwa "kimejaa", au langoni ili uingie bila tiketi, ni rushwa hata ukiiita hela ya soda. Kwenye ziwa hili ina ubaya wa ziada. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kilikuwa na uwezo wa watu 101, na waliokufa peke yao walizidi mara mbili ya idadi hiyo. Chombo kikiwa kimejaa, kimejaa. Anayekubali elfu tano ili akuongeze amekubali elfu tano za wengine pia.

Makuli wa bandarini msiwachanganye na wahudumu wa meli. Kuli ni mfanyabiashara. Anachotaka ni bei, na bei inakubaliwa kabla gunia halijaacha ardhi. Taja mzigo kwa idadi ("mikungu minne na begi moja"), taja unakotaka ufike (hadi ndani kwenye daraja lako, au hadi langoni tu), kisha taja hela. Ugomvi mwingi bandarini unatokana na hicho cha pili: mwenye mzigo alidhani ni hadi kitandani, kuli alihesabu hadi ngazini, na katikati ya ngazi iliyosongamana bei inapanda. Akifika salama na mikungu haijachubuka, ongeza 1,000. Hiyo ndiyo bakshishi, ile ya kwanza ilikuwa ujira wake.

Saanane ina utaratibu ulionyooka kuliko zote. Unalipa kwa njia ya kielektroniki ofisi za hifadhi Capri Point, unapewa risiti, boti ni ya dakika chache tu, na askari wa hifadhi anakutembeza kwenye miamba ya pimbi. Hakuna anayekukodolea macho mkono wako. Aliyekuongoza kwa saa nzima juani na kuwajibu watoto maswali yao yote, 5,000 kwa kikundi baada ya kurudi ni heshima. Akiikataa, usimlazimishe.

Neno kwa wenye boti, kwa kuwa baadhi yao wameanza kuiga meli kubwa na kuweka "malipo ya huduma" kwenye bei. Wanachokiiga wanakifahamu nusu. Kwenye zile meli, abiria wa kampuni kubwa hutozwa kati ya dola 16 na 20 kwa kila mtu kwa kila siku, watoto wakiwemo mara nyingi, hela inaingia kwenye mfuko mmoja na kugawiwa kwa wahudumu wa vyumba, wa meza na hata wa dobi ambao abiria hawaoni. Kwa watu wawili wanaotozwa dola 18, safari ya siku saba ni dola 252 juu ya nauli. Tozo hiyo hutangazwa kabla ya safari, na kwenye kampuni nyingi abiria anaweza kwenda kaunta akaomba ipunguzwe. Boti ya Mwanza inayoongeza asilimia kumi bila kuitangaza, isiyosema inagawiwa nani, imeongeza bei tu. Mwenye nia ya kweli afanye jambo rahisi: kisanduku chenye kufuli gatini, majina ya wafanyakazi wa siku hiyo yameandikwa kwa chaki juu yake, na kifunguliwe jioni mbele ya wote. Huko Misri, kwenye meli za mto Nile, sanduku la namna hiyo mapokezi ni jambo la kawaida, na abiria huulizia lilipo.

Hadi kisanduku hicho kifike kwetu, panga noti zako mapema na uziweke mfuko wa shati uliofungwa kifungo. Za mfuko wa suruali hulowa pale unaposhukia majini kwenye mwalo usio na gati, na noti mbili za elfu moja zikigandana, kijana huja kugundua ni mbili ameshafika nyumbani. Toa kabla hujaanza kutafuta viatu. Jumamosi jioni kikundi kingine kinakuwa kimeshasimama kwenye jiwe, jaketi zile zile ulizovua zinavalishwa watu wengine zikiwa bado mbichi, na baharia ana dakika tano za kujaza mafuta.